Hakupatikana

Fomu yetu ilikuwa na visanduku vitatu pale juu: ana makazi, hana makazi, hakupatikana. Viwili vya mwanzo nilivijaza nikiwa nimekaa na mtu, kikombe cha chai mbele yake na changu mbele yangu. Cha tatu nilikijaza nimesimama, miguuni soksi tatu tatu, kwenye kibanda cha kusubiria basi mjini Winnipeg, nikimtafuta mtu ambaye kompyuta ya ofisi ilishamtangaza kuwa hayupo.

Winnipeg iko katikati ya Kanada. Mwezi wa Januari kipimajoto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na vibanda vya basi hugeuka vyumba vya kulala kwa sababu tu vina kuta. Mimi ni mtu wa Tanga. Baridi niliyoijua kabla ya hapo ni ya Lushoto, na hiyo tulikuwa tukiifuata kwa hiari, kwa basi, kwenda harusini.

Kazi yangu ilikuwa ya uhoji. Asasi moja ilikuwa ikiwapangishia nyumba watu wazima waliolala nje kwa miaka mingi, na sisi wachache tuliajiriwa pembeni ili tuwafuate watu hao kila baada ya miezi sita na kuwauliza maswali yale yale. Umelala wapi usiku wa jana? Na wiki iliyopita? Umelazwa hospitali mara ngapi? Polisi? Pombe? Unamwamini nani? Mwisho wa mahojiano tunampa mtu dola 30 za shukrani, anaweka saini, tunaagana. Kutoka kwenye majibu hayo ndiyo ingetoka tathmini: je, programu inafanya kazi au haifanyi?

Nilidhani ugumu ungekuwa kwenye maswali. Kumbe ugumu ni kumpata wa kumuuliza.

Chukua hesabu ya mfano. Watu 40 wamepewa nyumba. Baada ya mwaka mmoja na nusu unawapata 31, na kati yao 27 bado wako ndani. Ukigawa 27 kwa 31 unapata asilimia 87, namba nzuri ya kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti pamoja na picha ya funguo. Ukigawa 27 kwa 40 unapata asilimia 67 na nusu. Nyumba ni zile zile, watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kama wale tisa umewahesabu kuwa watu au umewahesabu kuwa hitilafu ya karatasi. Ofisi niliyofanyia kazi ilipenda njia ya kwanza. Hawakuwa waongo, nasema kwa haki. Walikuwa na mfadhili, mfadhili alikuwa na tarehe, na "hakupatikana" ni neno lisilomlaumu mtu.

Lakini nani hupotea? Asiyepotea ni yule mwenye simu, mwenye mlango, anayekwenda kuchukua dawa yake kila Jumanne. Anayepotea ni aliyefukuzwa na mwenye nyumba, aliye jela, aliyehama mji, aliyekufa. Nimeshaona fomu ya marehemu ikiwekwa kwenye fungu la "waliotoka kwenye programu", sambamba na aliyepata kazi mji mwingine, Calgary.

Nirudi nyuma kidogo, maana si kila msomaji anajua watu ninaowasema. Sizungumzii mtu aliyeachika akalala kwa rafiki mwezi mmoja. Serikali ya Kanada hutaja ukosefu sugu wa makazi pale mtu anapokuwa bila makazi siku 180 au zaidi ndani ya mwaka, au anapokosa kwa vipindi ndani ya miaka mitatu hadi jumla ifike siku 546. Marekani wanataka miezi 12, ya mfululizo au ya kuunganishwa kutoka vipindi vinne katika miaka mitatu, na juu yake ulemavu au maradhi. Ni sehemu ndogo ya wote wanaokosa makazi, lakini ndiyo inayoonekana, na ndiyo inayojaza vitanda vya dharura hospitalini.

Kwa miaka mingi watu hawa walipandishwa ngazi. Acha pombe kwanza. Kunywa dawa zako. Kaa shelta, yaani bweni la dharura la wasio na makazi, miezi kadhaa bila kugombana na mtu. Ukifika juu, utapata chumba. Wengi waliishia kidato cha chini cha ngazi hiyo, wakaanguka, wakaanza tena. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis akaanzisha asasi ya Pathways to Housing na kuipindua ngazi: mpe mtu nyumba kwanza, kwa mkataba wa upangaji kama wa mpangaji mwingine yeyote, kisha mfuate huko huko na daktari, muuguzi na afisa ustawi. Akitaka kuacha pombe, msaidie. Asipotaka, kodi inalipwa vilevile. Wakaita njia hiyo Nyumba Kwanza.

Ukisikia kwa mara ya kwanza unaguna. Mimi niliguna. Nimekulia mahali ambapo mtu mlevi hakabidhiwi hata baiskeli.

Ndipo Kanada ikafanya jambo ambalo serikali hulifanya mara chache: ikapiga kura. Si kura ya kuchagua mbunge. Mwaka 2009 Tume ya Afya ya Akili ya Kanada, kwa dola milioni 110 za serikali kuu, ilianzisha utafiti uitwao At Home/Chez Soi katika miji mitano: Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton. Watu zaidi ya 2,000 wasio na makazi na wenye maradhi ya akili waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine wakapewa Nyumba Kwanza, wengine wakaachwa na huduma za kawaida za mji wao, zile zile ambazo wangezipata utafiti usingekuwapo. Kisha wote wakafuatwa kwa karibu miaka miwili.

Katika miezi sita ya mwisho, waliopewa Nyumba Kwanza walikuwa hivi: asilimia 62 walikuwa na makazi muda wote, 22 muda fulani, 16 hawakuwa nayo kabisa. Wale wa huduma za kawaida: 31 muda wote, 23 muda fulani, 46 hawakuwa nayo kabisa.

Watu huikimbilia 62. Mimi namba ninayoirudia ni 31.

Hao ni watu ambao hawakupewa programu mpya, na karibu theluthi yao wakawa ndani ya nyumba muda wote. Walipataje? Kwa shelta, kwa ndugu, kwa afisa ustawi mmoja aliyechoka lakini hakuacha kupiga simu, kwa subira. Sasa fikiria asasi isiyokuwa na kundi la kulinganishia, kama ile yangu. Ingewachukua watu hao, ikawapima mwanzo wakiwa nje, ikawapima mwisho wakiwa ndani, na theluthi hiyo yote ingeandikwa kwenye daftari la ushindi wake.

Mtu wa pwani atanielewa haraka hapa. Siku za bamvua, maji yakipwa, bahari hukimbia mbali mpaka unaona miamba usiyoijua. Mgeni akichomeka kijiti mchangani saa hiyo, akarudi siku nyingine yoyote, ataapa kwamba bahari imepanda. Na kama kuna mtu pale ufukweni anauza dawa ya kupandisha bahari, atanunua chupa mbili. Watu wa mitaani huandikishwa kwenye programu saa ya maji kupwa: wametoka hospitali, wametoka jela, vidole vimeungua kwa baridi. Baadhi yao hali itapanda kidogo kwa vyovyote, maana ilikuwa imefika chini kabisa. Ripoti inayolinganisha kabla na baada, bila kundi la pembeni, inauza dawa ya bahari.

Ndiyo maana siionei haya ile kura, ingawa rafiki zangu wengi waliiona ya kikatili. Mwenzangu mmoja wa kazi, Mkongo kutoka Uvira, aliwahi kuniambia kwamba hawezi kumtazama usoni mtu aliyemhoji akijua bahati ilimpita. Namheshimu kwa hilo. Lakini nyumba zilikuwa chache hata kabla ya utafiti, na kila siku kuna mtu ofisini anayeamua nani apate. Kura angalau haimjui mtu.

Kuna jambo la pili ambalo utafiti ule ulilisema na wapenzi wa Nyumba Kwanza hulisoma haraka haraka. Katika ulevi na dalili za maradhi ya akili, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo. Wote walipata nafuu kiasi, kundi la nyumba na kundi lisilo nyumba. Ripoti ya taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani ya mwaka 2018 ilifika karibu na hapo hapo: nyumba zenye msaada huwafanya watu wakae ndani, ila ushahidi kwamba huboresha afya ni haba, isipokuwa kwa wenye VVU. Wapinzani huishika hoja hiyo kama rungu. Sioni kwa nini. Ukimpa mtu mwenye kifafa paa, kifafa hakikuahidiwa kupona. Kosa ni la waliouza paa kama dawa.

Na kuna fedha. Hakuna mkutano wa wafadhili nilioingia ambao haukuishia kwenye fedha. Mtafiti Dennis Culhane na wenzake waliwafuatilia New York watu wenye maradhi makali ya akili na kukuta kwamba mtu mmoja asiye na makazi alitumia huduma za dola 40,451 kwa mwaka: shelta, hospitali, jela. Kumweka kwenye nyumba yenye msaada kulipunguza matumizi hayo kwa dola 16,281 kwa mwaka, karibu sawa na gharama ya nyumba yenyewe. Utafiti wa Kanada ukachambua zaidi: kila dola 10 zilizowekezwa kwa wenye mahitaji makubwa zilirudisha akiba ya dola 9.60, na kwa wenye mahitaji ya wastani dola 3.42 tu. Kwa asilimia 10 waliokuwa wakigharimu zaidi kabla ya kuingia, akiba ilikuwa dola 21.72.

Soma namba hizo kama mhasibu na utajua nani wa kumpa nyumba: yule anayepiga kelele, anayebebwa na gari la wagonjwa mara mbili kwa wiki. Nilimhoji mama mmoja ambaye hakuwahi kwenda hospitali. Alikuwa na kidonda mguuni cha miaka miwili, akikifunga kwa mifuko ya plastiki. Alipopata chumba, muuguzi akakiona, akalazwa, akafanyiwa upasuaji. Kwenye jedwali la gharama, mama yule ni hasara tupu. Kabla ya programu aliigharimu serikali karibu na bure. Tangu siku hiyo, mtu akianza kuniambia nyumba zinajilipa zenyewe, namkumbuka yeye na mifuko yake, na ninanyamaza kwa adabu.

Kuhesabu vibaya si ugonjwa wa asasi ndogo pekee. Jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2015 lilitangaza kwamba limepunguza ukosefu sugu wa makazi kwa asilimia 91 katika miaka kumi, kutoka watu 1,932 hadi 178. Habari ikazunguka dunia. Nyumba zilijengwa kweli na watu waliingia kweli, hilo halina ubishi. Lakini njia ya kuhesabu nayo ilibadilika katikati ya safari: zamani hesabu ya usiku mmoja ilikuzwa iwe makadirio ya mwaka mzima, baadaye ikaachwa kukuzwa. Sehemu ya anguko lile ilitokea mezani. Ufini, ambayo kila mtu huitaja yakizungumzwa mambo ya Nyumba Kwanza, ina hesabu ngumu zaidi kuidanganya, maana inawaingiza hata wanaolala kwa muda kwa ndugu na marafiki. Hata hivyo imeshuka kutoka watu zaidi ya 15,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi watu 3,429 mwaka 2023, kisha 2024 ikapanda hadi 3,806, na Wafini wakaichapisha hiyo nayo. Nawapenda kwa hilo la mwisho kuliko kwa yote yaliyotangulia.

Kwetu mambo haya hatujafika hata kwenye kubishana. Kenya angalau wamehesabu: sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 iliwapata watu 46,639, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Dar es Salaam kila baada ya muda hutoka agizo la kuwaondoa ombaomba, wanapakiwa, wanarudishwa mikoani, na kipimo cha mafanikio ni kwamba kiongozi akipita barabarani hamwoni mtu. Hapo kila mtu ni "hakupatikana", na hiyo ndiyo shabaha.

Sasa yule mtu wangu wa kibanda cha basi. Nitabadilisha mambo mawili matatu asitambulike.

Alikuwa Mwenyeji wa Asili, yaani wa jamii zilizokuwapo Kanada kabla ya Wazungu, kama walivyokuwa wengi wa washiriki wa Winnipeg hata kwenye ule utafiti mkubwa. Umri wake kama miaka sitini. Jina langu lilimshinda kutamka, na kwa kuwa nilimwambia ninakotoka, akaniita Tanga. Alipewa chumba na jiko lake ghorofa ya tatu. Mahojiano ya kwanza nilimkuta amelala sakafuni karibu na mlango, godoro limesimamishwa ukutani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mahojiano ya pili alikuwa na birika na redio. Ya tatu, hakuwapo. Kodi ilikuwa inalipwa, funguo zilikuwa kwa jirani, na afisa ustawi wake alikuwa ameshaandika kwamba ameiacha nyumba.

Nilimtafuta kwa njia tuliyofundishwa. Siku ya kwanza ya kuandikishwa tulimwomba kila mtu atutajie mahali anapopatikana: duka la dawa, jikoni kwa masista, benchi fulani, mtu anayemdai. Nilizunguka kote. Yule mwenzangu wa Uvira alinipa matumaini mara moja: "Dada, ule mutu nilimuona jana, analala ku laibrari." Nikaenda maktaba. Alikuwa mtu mwingine mwenye kofia kama ile.

Mwezi wa saba ofisi ikaniambia nifunge jalada. Nikaomba wiki moja. Mfamasia ndiye aliyenisaidia bila kunisaidia: hakuweza kuniambia chochote kuhusu mgonjwa, alisema, ila angeweza kumpa ujumbe mtu kama mtu huyo angepiga simu kuomba dawa zake zitumwe mahali pengine. Siku tatu baadaye simu yangu ikalia. "Tanga. Bado mnatoa zile dola 30?"

Alikuwa kwao. Kijiji cha kaskazini, mwendo wa saa nyingi kwa gari, kwa dada yake. Dada alikuwa ameanza kusafishwa damu kwa sababu ya figo na hakukuwa na wa kumpeleka kliniki. Miaka kumi na moja alikuwa mjini bila kurudi. Nikamuuliza kwa nini zamani hakwenda. Akasema zamani angefikaje, ananuka, hana kitambulisho, hana zawadi? Kwenye kile chumba ndiko alikopata bafu, anuani, kitambulisho, na pensheni iliyoanza kuingia. Alipoweza kurudi kama kaka, si kama mzigo, akarudi.

Tukafanya mahojiano kwa simu. Tulipofika kwenye makazi, fomu ilinibana. "Kwa ndugu" ilikuwa chini ya makazi ya muda, na makazi ya muda yalihesabiwa kuwa hana makazi. Swali lililofuata lilikuwa: unaweza kukaa hapo kwa muda gani? Akacheka. "Mpaka dada yangu anitimue."

Mwaka 2017 Jesse Thistle, msomi Mmeti-Kri, naye wa jamii hizo za asili, aliyewahi kulala mitaani mwenyewe, aliandika ufafanuzi wa ukosefu wa makazi kwa Wenyeji wa Asili wa Kanada, wenye sura 12. Kiini chake ni kwamba kukosa makazi kwao si kukosa jengo tu, ni kukatwa na ardhi, ndugu, lugha na mababu. Nilipousoma nilijiona mjinga, kwa sababu lugha yangu ilikuwa imenifundisha jambo hilo toka utotoni. Nyumba ni kitu kimoja, nyumbani ni kingine, na kwetu ni cha tatu. Naweza kuwa na nyumba Winnipeg, jioni nikasema naenda nyumbani, na mtu akiniuliza kwetu nikajibu Tanga bila kufikiri. Fomu yetu ilikuwa na neno moja.

Nisiwatie chumvi. Kati ya wengine niliowatafuta hadi mwisho, mmoja alikuwa chini ya daraja na mguu wake umekatwa. Mwingine nilionyeshwa kaburi. Hao nao walikuwa wameandikwa "hakupatikana", na kuwapata kuliishusha ile asilimia ya ripoti badala ya kuipandisha. Meneja hakufurahi. Mimi pia sikufurahi, lakini kwa sababu nyingine.

Kwa yule mzee niliweka alama mahali fomu iliponilazimisha, kisha pembeni, kwa kalamu, nikaandika mistari minne kuhusu dada, figo, kitambulisho na safari. Wiki iliyofuata karani wa takwimu akanipigia. Alitaka kujua kama maandishi yale ni ya kuingiza kwenye kompyuta au ni yangu mwenyewe tu, maana programu haikuwa na mahali pa kuyaweka. Nikamwambia aanze kwa kufuta alama kwenye kile kisanduku cha tatu. Hayo mengine ningepanda juu tukayazungumze.